Nimefundisha Las Vegas kwenye wiki ya wadukuzi: kazi yenyewe haina makofi

Habari zenu ndugu zangu. Mlio Tanga nyumbani, Dar, Mombasa, Bujumbura, na nyie wa Muscat mnaoniangalia usiku wa manane, karibuni. Sauti mnaisikia imekwaruza. Si mafua, ni kuongea kutwa nzima mbele ya darasa, halafu kuongea tena koridoni na mtu aliyekuja na swali wakati wewe unatafuta chai.

Nilikuwa Las Vegas. Na kabla hamjaanza kuniandikia: hapana, sikucheza kamari. Ile mashine inayolialia ukiwa unaelekea darasani saa mbili asubuhi haina mvuto wowote, niaminini.

Kila Agosti mji ule unapokea watu wa usalama wa mitandao kutoka dunia nzima. Unaanza mkutano wa Black Hat, kwenye hoteli ya Mandalay Bay. Siku nne za mwanzo ni mafunzo tu, chumba kwa chumba, kisha siku mbili za mihadhara na makampuni kuonyesha bidhaa zao. Ikiisha hiyo, watu wanahamia mkutano wa pili, DEF CON, mpaka Jumapili. Zote mbili zilianzishwa na mtu mmoja, Jeff Moss: DEF CON mwaka 1993, Black Hat mwaka 1997. Ila tabia zao ni mbali kabisa. Black Hat ni ya mashati yenye kola, na ada ya darasa ni maelfu ya dola, kwa hiyo mara nyingi analipa mwajiri. DEF CON unaweza kusimama kwenye foleni na noti zako mkononi, ukalipa, ukapewa beji, na hakuna atakayekuuliza jina lako.

Mimi nilikuwa upande wa walimu. Darasa letu lilikuwa na walimu wawili. Mwenzangu alishika DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, mimi nikashika BGP, na mmoja akiongea mbele mwingine anapita meza kwa meza kuwakwamua watu. Nawaambia ukweli, ualimu uko kwenye kule kupita. Mtu akikwama hatainua mkono, hasa kama ana cheo kikubwa kazini kwake. Atajifanya anasoma barua pepe. Inabidi umsogelee, uangalie kioo chake kwa jicho la pembeni, umwambie taratibu, "hapo umesahau namba ya jirani yako," halafu uondoke upesi asione aibu.

Sasa BGP ni nini? Nisikilizeni kwa subira, maana hii ndiyo video yenyewe.

Intaneti si kitu kimoja. Ni maelfu ya mitandao ya makampuni ya simu, vyuo, benki na serikali iliyounganishwa. BGP ndiyo njia ambayo ruta za mitandao hiyo, yaani vifaa vinavyoelekeza data, zinatangaziana: anwani hizi ziko kwangu, leteni data huku. Fikirini makonda wa daladala kituoni. Mmoja anapaza sauti, "Kariakoo! Kariakoo!" Watu wanapanda, hakuna anayemdai ushahidi. Akitokea wa pili anaita, "Kariakoo Gerezani, mpaka mlangoni!" aliyekuwa anakwenda Gerezani anamkimbilia huyo wa pili. Kwenye BGP ni hivyo hivyo: tangazo lililo mahususi zaidi ndilo linaloshinda, awe aliyelitoa ni mkweli au mwongo.

Somo hili huwa nalianza na tarehe 24 Februari 2008. Pakistan iliamuru YouTube ifungwe ndani ya nchi. Pakistan Telecom wakatekeleza kwa kutangaza kwamba anwani za 208.65.153.0/24 ziko kwao. Hizo ni anwani 256. YouTube yenyewe ilikuwa inatangaza fungu kubwa zaidi, la anwani 1,024, ambalo hizo 256 zilikuwa ndani yake. Tangazo la Pakistan lilitakiwa libaki nyumbani. Likavuja kwa kampuni iliyokuwa ikiwapa njia ya kutoka nje, PCCW ya Hong Kong, nayo ikalipitisha bila kuuliza. Muda mfupi baadaye, mtu wa Brazili au Ujerumani akifungua YouTube, data yake inaelekea Pakistan na kufia huko. Ilichukua kama saa mbili. Na wahandisi wa YouTube walijibu vipi? Kwa kupaza sauti mahususi zaidi: wakatangaza zile 256, kisha wakazigawa mafungu mawili ya 128 na kuyatangaza. Mpaka PCCW walipoliondoa lile tangazo la uongo.

Darasani hatuishii kusimulia. Kila meza inapewa kampuni yake ya intaneti, yenye ruta za kuigiza ndani ya kompyuta na seva ndogo yenye ukurasa wa wavuti. Nawapa kazi moja: iba wateja wa meza ya jirani. Hapo usingizi unakatika! Mtu mzima, mkuu wa idara, anaruka kwenye kiti kwa sababu ukurasa wa jirani sasa unafunguka kwenye seva yake. Meza ya nyuma walikuwa kimya mno. Kumbe wameiba meza tatu kwa mpigo, wanasubiri tu wenyewe watambue.

Kisha nawaonyesha wizi wa kweli. Aprili 24, 2018, mtu aliteka kwa BGP anwani za huduma ya DNS ya Amazon. Hakuigusa Amazon yenyewe. Alichotaka ni watu wanaouliza "MyEtherWallet iko wapi?", ile tovuti ya pochi za sarafu za kidijitali, wajibiwe na seva yake ya uongo, wapelekwe kwenye tovuti bandia. Watu walipoteza sarafu za kidijitali za thamani ya kama dola 150,000. Na sikilizeni hili: kivinjari kiliwaonya. Kilitoa lile onyo kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki. Wakabonyeza kuendelea. Wewe unayeniangalia, nawe umeshalibonyeza lile onyo. Tunajuana.

Dawa ipo, inaitwa RPKI. Mwenye anwani anaingia kwenye akaunti yake kwa msajili wa kanda yake. Sisi Afrika ni AFRINIC, ambao makao yao ni Mauritius. Anasaini hati inayoitwa ROA: anwani hizi ni zangu, mtandao wenye namba hii tu ndio unaoruhusiwa kuzitangaza. Hakuna mtambo wa kununua. Kwa mwenye fungu moja la anwani ni kazi ya dakika chache. Upande wa pili, makampuni yanayopitisha matangazo yanaziwekea ruta zao masharti: tangazo linalogongana na hati, litupwe.

Nilipofika hapo mhandisi mmoja akauliza, "Kama ni bure na ni dakika chache, kwa nini kila mtu hajafanya?" Swali zuri kuliko yote ya wiki nzima. Ni Mei 2024 tu ndipo njia za IPv4, zile anwani za intaneti za mfumo wa zamani, zenye ROA zilipovuka nusu ya njia zote za IPv4 duniani. Mimi jibu langu ni kwamba hakuna bosi anayepandisha mtu cheo kwa kitu ambacho hakikutokea. Ukinunua mtambo wenye taa za buluu kutoka kwenye yale maonyesho ya ghorofa ya chini, unapiga picha, kampuni inatoa taarifa kwa magazeti. Ukisaini ROA hakuna hata anayejua ulikuja kazini.

Akaja mwingine, mkali huyo, alikuwa ananisubiri: "Mwizi akijifanya ana namba yangu ile ile?" Ndiyo, anaweza. ROA inathibitisha anayetajwa kuwa chanzo cha tangazo, haithibitishi njia nzima lililopita. Kuna kazi inaendelea ya kuziba tundu hilo, inaitwa ASPA. Nilimchorea ubaoni mpaka wenzake wakaanza kuangalia saa ya chakula.

Niwaguse na jambo mnalolijua. Ile Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, kiza kinaingia Afrika Mashariki, WhatsApp ikazima, Facebook na Instagram nazo, mpaka baada ya saa sita usiku. Wengi mliwasha na kuzima simu, wengine mkanunua bando jipya, jamani! Hakukuwa na mdukuzi. Amri moja ya matengenezo iliukata uti wa mgongo wa mtandao wa Facebook. Seva zao za DNS zilipoona zimepoteza mawasiliano na ndani, zikaacha kujitangaza kwa BGP, kama zilivyopangwa. Kampuni ikatoweka kwenye ramani. Na ile ya Mei 12, 2024, intaneti ilipodorora Tanzania na Kenya, ilikuwa kitu kingine kabisa: nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Hapo hati haisaidii kitu, unahitaji njia nyingine ya kupita na meli ya mafundi. Nayasema haya kwa sababu kila intaneti ikizima nyumbani, napokea ujumbe wa "tumedukuliwa".

Nisiwanyime utamu wa Vegas lakini. Joto la nje linapita nyuzi 40, ndani viyoyozi vinagandisha. Mimi nilifundisha nimejitanda khanga na sikumwomba mtu radhi. Pale Black Hat kuna chumba cha wasimamizi wa mtandao wa mkutano, kimezungushiwa kioo, unawaona wanavyofanya kazi. Kazini kwako, mashambulizi yakionekana kwenye waya, unazuia. Wao hawawezi kuzuia ovyo, maana madarasa yanafundisha mashambulizi hayo hayo. Kwa hiyo wanachunguza kwanza: huyu ni mwanafunzi, au ni mgeni aliyekuja na kompyuta yenye virusi kutoka kwao? Kama ni virusi, wanamtafuta wamwambie.

Na DEF CON kuna ukuta unaitwa Wall of Sheep. Ukijiunga na mtandao wao wa wazi ukaingia mahali bila usimbaji, jina lako na neno lako la siri, limefichwa kidogo, vinatokea kwenye skrini kubwa mbele ya kadamnasi. Nilikaa pale nikila chipsi, nikihesabu waliojisahau. Kanuni yao maarufu kwa wageni ni 3-2-1: kwa siku, lala angalau saa tatu, kula mara mbili, oga mara moja. Hiyo ya mwisho, mkiwa kwenye foleni ya ukumbi uliojaa, mtaelewa kwa nini imeandikwa.

Sasa wale wa "dada, nifikeje huko?" Usianze na Vegas. Visa ina mambo yake, na ada ya darasa moja inaweza kukufungulia duka. Mihadhara ya DEF CON huwekwa YouTube bure. AFRINIC wana kozi za mtandaoni za bure, za IPv6, ule mfumo mpya wa anwani, na za RPKI. AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao Afrika, imekuwa ikifundisha wahandisi wa Afrika tangu mwaka 2000, na walimu wake hujitolea; wapo mabingwa leo waliotokea kwenye madawati yale.

Video ijayo naweka lile zoezi la wizi hatua kwa hatua, kwa programu ya bure inayoitwa FRRouting, ndani ya Linux. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Mwenye GB 4 ajenge ruta tatu badala ya kumi. Ataiba vizuri tu.