Usiku wa Onyesho Maalumu katika Jumba la Kale la Sinema

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na ninyi nyote wapenzi wa sinema, karibuni, na asanteni kwa kufika mapema.

Nianze na usiku mmoja ambao haujanitoka moyoni. Jumba lenyewe sitalitaja. Lilikuwa jumba la kale, zuri, dari imenakshiwa, pazia zito la mahameli, na kwenye ubao wa nje wameandika kwa herufi kubwa: Onyesho Maalumu. Tulikwenda kutazama sinema bubu iliyopigwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ikafika sehemu ambapo mama anaingia chumbani, anamkuta mwanawe amekwisha kukata roho, anapiga magoti kando ya kitanda. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule mama alipiga magoti kama mtu aliyekanyaga siafu, akajifuta machozi kama anayefukuza nzi, akainuka, akatoka mbio. Siwalaumu waliocheka. Walichekea kile walichoonyeshwa.

Kosa lilikuwa kwenye kasi. Enzi za sinema bubu mpiga picha alikuwa anazungusha kamera kwa mkono, na mkono wake ndio uliokuwa injini. Wengine walizungusha fremu 16, yaani picha moja moja za mkanda, kwa sekunde, wengine 18, wengine 20 na zaidi, kutegemea mtu, mwaka na tukio lenyewe. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ikabidi kasi iwe moja, fremu 24 kwa sekunde, kwa kuwa sauti ikichapwa kwenye mkanda uleule haivumilii mwendo unaopanda na kushuka. Sasa chukua mkanda uliopigwa kwa fremu 16 uupitishe kwenye projekta ya fremu 24. Kila kitu kinakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake. Msiba unageuka kichekesho. Usiku ule, katika jumba lile lote, hapakuwa na mtu mmoja aliyejiuliza swali dogo kabisa: sinema hii ilipigwa kwa kasi gani?

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu watu wengi wakisikia jumba la kale la sinema wanafikiria nakshi, taa na viti. Mimi nakshi nazipenda sana, ila ninalotaka kuwaambia leo ni kwamba jumba la kale linaheshimiwa kwa namna linavyoonyesha. Onyesho likiitwa maalumu, umaalumu wake uanzie kwenye chumba cha projekta, ndipo ushuke ukumbini.

Sinema ilizaliwa ikiwa tukio la watu kukutana. Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa mmoja jijini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wapatao thelathini, waliolipa kiingilio, picha kumi zinazotembea. Kila moja haikufika hata dakika moja. Kule La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, liko jumba liitwalo Eden, lililofunguliwa mwaka 1889, ambalo ndugu hao walionyesha sinema zao za mwanzo. Lilifungwa mwaka 1995, likakaa kimya miaka 18, likafunguliwa tena mwaka 2013, na sasa linaonyesha sinema kama zamani.

Baadaye yakaja makasri ya sinema. Tuschinski la Amsterdam lilifunguliwa mwaka 1921, Egyptian la Hollywood na Castro la San Francisco mwaka 1922, Grand Rex la Paris mwaka 1932. Hapo naomba nisimame kidogo kwa Abraham Tuschinski. Alikuwa fundi cherehani, Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa safarini kwenda Marekani akaishia Uholanzi, akajenga jumba ambalo hadi leo watu huinua macho darini wakasahau walikokuwa wanaelekea. Wanazi walipoitwaa nchi walilifuta jina lake pale mlangoni, wakaliita jumba Tivoli. Yeye wakamuua katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Leo jina lake limerudi palepale mlangoni. Kila onyesho linalofanyika mle, mimi nalihesabu kuwa ni jibu kwa waliolifuta.

Makasri hayo yalijengwa kwa kazi maalumu. Mbele ya jukwaa pana shimo la kukaa wanamuziki. Ubavuni, nyuma ya nakshi za plasta, pana vyumba ambavyo mtazamaji havioni, na ndani yake mna mabomba ya kinanda, mamia kwa mamia, mengine marefu kuliko mtu, mengine madogo kama kalamu. Robert Hope-Jones, Mwingereza aliyejua umeme na vinanda vilevile, aliingia kampuni ya Wurlitzer mwaka 1910, na kutokana na ujuzi wake vikatengenezwa vinanda vya majumba ya sinema. Mbali na mabomba, ndani yake mna ngoma za kweli, matoazi ya kweli, kengele, mlio wa kwato za farasi, filimbi ya treni. Mpigaji mmoja, mikono kwenye safu za vibao na miguu kwenye pedali, anashika nafasi ya okestra nzima. Taa zinapofifia kinanda chenyewe hupanda kutoka shimoni kwa lifti, mpigaji akiwa ameketi anapiga. Mwenye kukaa karibu huusikia mngurumo kwenye kiti kabla haujamfika sikioni.

Ukiwa na jumba la namna hiyo halafu ukaonyesha sinema bubu kwa muziki wa santuri, ni sawa na kumwalika mwimbaji ukamnyima nafasi ya kuimba.

Tupande sasa juu, kwenye chumba cha projekta, kwa kuwa watazamaji wachache sana wamepata kukiona. Sinema ya milimita 35 haiji katika kipande kimoja. Inakuja katika magurudumu ya mkanda, kila gurudumu lina mita 600 hivi, yaani dakika kama 20. Sinema ya saa mbili ni magurudumu sita au saba, na chumba kina projekta mbili. Ya kwanza inapokaribia kumaliza, hutokea nukta pembeni juu, upande wa kulia wa picha. Inakaa kidogo tu, usipokodoa macho imekupita. Hapo zimebaki kama sekunde nane. Mwendeshaji anawasha mota ya projekta ya pili. Nukta ya pili inatokea ikiwa imebaki sekunde moja, naye anafunga mwanga wa huku na kufungua wa kule. Akipatia, mlioko chini hamwoni lolote, mazungumzo ya wapendanao yanaendelea bila kukatika. Halafu analivua gurudumu lililokwisha, analiweka jingine, anasubiri nukta. Usiku mzima hivyo.

Kwa nini asiyaunge magurudumu yote kwenye sahani moja kubwa akapumzika? Kumbi nyingi zilifanya hivyo. Lakini kuunga ni kukata vichwa na mikia ya mkanda, na kila ukikata unapoteza fremu. Ndiyo maana hifadhi nyingi za filamu, zikiazimisha nakala yao, hutoa sharti: projekta mbili, mkanda usikatwe, na ukaguliwe kabla na baada. Jumba lililozing'oa projekta zake za zamani wakati mambo yote yalipohamia dijitali limejifungia mlango huo kwa mkono wake. Nimewaona watu wakiuza projekta nzima kama chuma chakavu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ninaposema nakala, msifikirie kitu kilichojaa tele. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba katika sinema bubu ndefu za Marekani za miaka ya 1912 hadi 1929, zilizosalia kamili katika umbo lake la asili ni kama asilimia 14 tu. Nyingine ziliungua, nyingine ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda, nyingi zilitupwa kwa kuwa hazikuleta faida tena. Hata mikanda iliyokuja baadaye inaoza. Fungua kopo la mkanda wa asetati, plastiki iliyokuja baada ya ile ya zamani, ulioanza kuharibika, pua itakuambia mapema kuliko macho: harufu ni ya siki kabisa.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ilikuwa ya nitreti, ndiyo plastiki hiyo ya zamani. Nitreti hushika moto upesi, na ikishika haizimiki hata ndani ya maji, maana inajitengenezea oksijeni yake. Ndiyo sababu vyumba vya projekta vya majumba ya kale vina milango ya chuma, na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma vinavyoning'inia kwa kiungo cha metali laini. Moto ukikiyeyusha kiungo, vifuniko vinaanguka vyenyewe, na walioko ukumbini wanaokoka. Kumbi zinazoruhusiwa kuonyesha nitreti leo ni za kuhesabu kwa vidole. Mmojawapo ni Dryden, katika Jumba la Makumbusho la George Eastman mjini Rochester, Marekani, ambako tangu mwaka 2015 hufanyika tamasha la nitreti peke yake. Onyesho la mwisho la tamasha hawalitangazi. Watu hukata tiketi na kuketi bila kujua watakachoona, wakiwaamini tu waandaaji. Waandaaji wakipewa imani ya namna hiyo, ujue wameifanyia kazi miaka mingi.

Wako watakaouliza kuhusu usiku wa kuimba pamoja na sinema, au maonyesho ya saa sita usiku ambapo watu huja na mavazi ya wahusika. Nayapenda. Ukumbi wa Museum Lichtspiele mjini Munich umekuwa ukionyesha sinema moja ya namna hiyo, The Rocky Horror Picture Show, tangu mwaka 1977, na kizazi cha tatu sasa kinayajua majibu ambayo watazamaji huwapazia wahusika. Waandaaji wasidharau furaha ya watu, maana ndiyo hulipia umeme. Tena sauti ya ukumbini si jambo geni. Japani, enzi za sinema bubu, kando ya pazia la kuonyeshea picha alisimama msimulizi aliyeitwa benshi, akiwasemea wahusika wote, mzee kwa kijana, na watu walikwenda kumfuata benshi wao kabla hata ya kuuliza sinema gani inaonyeshwa. Wapo mabenshi hadi leo. Kama ningekuwa na jumba, mmoja ningemwalika kila mwaka.

Nisichokikubali ni jumba kuchukua nakala ileile uliyo nayo nyumbani, likairusha pazia kubwa, likauza tiketi kwa jina la onyesho maalumu. Mtazamaji aliyefunga safari ana haki ya kuambiwa anaonyeshwa nini: ni mkanda au ni dijitali, nakala imetoka wapi, imerekebishwa na nani, nani anapiga muziki. Mistari minne kwenye tangazo inatosha.

Mfano mzuri wa faida ya kufuatilia nakala ni Metropolis, sinema bubu ya Kijerumani, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwezi Januari 1927. Baada ya muda mfupi ilikatwakatwa, na kwa miaka 80 sehemu kubwa zilihesabika zimepotea. Mwaka 2008 nakala ikagundulika katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, imechakaa, ina mikwaruzo kama mvua, lakini karibu yote imo. Februari 2010 ikaonyeshwa Berlin kwa okestra, na nje, kwenye Lango la Brandenburg, watu wakasimama katika baridi kali kuitazama kwenye pazia kubwa. Mikwaruzo haikuweza kufutwa yote. Kila mikwaruzo inapoanza, mtazamaji anajua: hiki ndicho kile kilichopotea.

Nimalizie na Abel Gance, mwongozaji wa sinema, Mfaransa. Mwezi Aprili 1927 aliionyesha sinema yake bubu, Napoléon, katika jumba la Opera la Paris. Mwishoni pazia linakuwa matatu, projekta tatu zinakwenda pamoja, na picha inatanuka hadi jicho linashindwa kuikamata yote. Kumbi chache ziliweza kazi hiyo. Sinema ikakatwa, ikatawanyika, Gance akazeeka. Mwingereza Kevin Brownlow, aliyeanza kukusanya vipande vyake akiwa bado mwanafunzi wa shule, alitumia miaka mingi akiiunganisha. Mwaka 1979 ilionyeshwa uwanjani, katika tamasha la Telluride, Marekani, na Gance, akiwa na miaka 89, aliitazama kutoka dirisha la hoteli lililoelekea pazia.

Hata mwaka 2012 jumba la Paramount la Oakland, Marekani, kasri la mwaka 1931, liliweza kuionyesha kwa pazia tatu na okestra kamili ikiongozwa na Carl Davis. Ni saa tano na nusu za sinema, mbali na mapumziko, na watu walikaa.

Lakini usiku ninaoufikiria zaidi ni wa Januari 1981, New York, katika ukumbi wa Radio City, wenye viti karibu 6,000. Gance alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Sinema ilipokwisha ikaletwa simu jukwaani. Watu wakaambiwa kwamba mzee yuko upande wa pili wa laini, anataka kujua mmeionaje. Wakasimama, wakapiga makofi na kushangilia kwa dakika kadhaa, na yeye, ng'ambo ya bahari, akasikiliza.