Reli tatu za Goldfield: nasoma ramani za zamani kwenye jangwa la Nevada

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mambo vipi. Leo nipo Goldfield, jimbo la Nevada, magharibi ya Marekani. Hapa ni jangwa, lakini jangwa la juu, mita zipatazo 1,730 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana mnaniona na koti wakati jua linawaka. Barabara hii nyuma yangu ni ile kuu namba 95, inatoka Las Vegas kwenda kaskazini kupitia Tonopah. Wakazi waliobaki hapa ni mia mbili na kitu. Ukipita usiku unaweza usijue kama umevuka mji.

Sasa shikeni hili moja: mwaka 1907 hapa paliishi watu wanaokadiriwa kufika 20,000, na Goldfield ndiyo ilikuwa mji mkubwa kuliko yote Nevada. Las Vegas mnayoisikia na mataa yake, viwanja vyake vilikuwa vimeuzwa kwa mnada mwaka 1905 tu, juzi juzi. Dhahabu ilionekana hapa Desemba 1902, walioiona ni vijana wawili, Harry Stimler na William Marsh. Ndani ya miaka michache pakawa na benki, hoteli ya mawe na matofali, magazeti, na reli za kampuni tatu zinaingia mji mmoja. Tatu!

Nimekuja na ramani. Hizi mnazoziona mezani ni ramani za topografia za USGS, ile taasisi ya serikali kuu ya jiolojia na upimaji iliyoanzishwa mwaka 1879. Nimezichapa mwenyewe, shiti za miaka tofauti za eneo hilihili, na nimezipanga kuanzia ya zamani kuja ya karibuni. Nataka tuzisome pamoja polepole, kwa sababu watu wengi wakiona ramani ya zamani wanadhani ni karatasi iliyopitwa na wakati.

Tuanze na rangi. Kahawia ni kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Bluu ni maji, na kwa jangwani mtaona bluu nyingi imekatika katika, maana yake ni korongo lenye maji siku za mvua tu. Nyeusi ni kazi ya mikono ya watu: nyumba, njia, reli, majina. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na rangi hizo tatu tu, kila rangi na bamba lake la shaba lililochongwa kwa mkono. Na kabla ya picha za ndege, mpimaji alikuwa anakuja huku na nyumbu, anasimamisha ubao wake juu ya miguu mitatu, anachungulia kwa darubini yake, na anaichora ramani palepale akiwa anaitazama nchi yenyewe. Haendi kuchorea ofisini. Mimi nikiangalia mstari wa kontua wa wakati ule naona jicho la mtu aliyesimama kwenye upepo huu.

Haya, reli. Kwenye ramani reli ni mstari mweusi wenye vijiti vya kukatiza. Ya kwanza kuingia hapa ilikuwa Tonopah & Goldfield, mwaka 1905, kutoka kaskazini. Mwaka 1907 ikafika Las Vegas & Tonopah ya seneta William Clark, tajiri wa shaba, kutoka kusini. Na Bullfrog Goldfield nayo ikaunganisha Goldfield na mji wa Beatty, ulio kusini. Tazameni sasa jinsi mstari wa reli unavyokwenda. Barabara ya miguu inakata kontua bila woga, inapanda moja kwa moja. Reli haifanyi hivyo. Reli inafuata kontua, inazunguka kilima, inarudi, inatafuta pengo, kwa sababu treni iliyobeba mzigo haiwezi mwinuko mkali. Kwa hiyo hata ukinifutia majina yote, nikiona mstari unaozunguka hivi kwa upole nitakwambia hapa pamepita reli. Na hii ndiyo iliyoniwezesha kulipata tuta lenyewe asubuhi ya leo. Mataruma hayapo, chuma hakipo, lakini kifusi walichomwaga bado kimelala pale, kinazunguka kilima vilevile kama kwenye karatasi.

Kwa nini reli zote hizo? Jangwa hili halina mbao za kuegemeza mashimo ya migodi, halina makaa ya mawe, halina chakula. Kila ubao umeletwa. Na mawe yenye dhahabu lazima yatoke. Lakini dhahabu ya juu, ile tajiri, iliisha mapema. Uzalishaji ulifika kilele karibu na mwaka 1910, halafu ukashuka. Mwaka 1913 mafuriko yakapita mjini, na mwaka 1923 moto ukateketeza sehemu kubwa ya nyumba. Reli zikafa moja moja: ya Clark mwaka 1918, Bullfrog Goldfield mwaka 1928, na ile ya kwanza kuja ikawa ya mwisho kuondoka, mwaka 1947.

Mimi ni mtoto wa Mpanda. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, mgodi ukafungwa, reli ikabaki na watu wakabaki. Kwa hiyo haya ninayowaonesha siyatazami kama mgeni.

Rudini mezani. Shiti hizi ndogo za mizani ya 1:24,000, sentimita moja ni mita 240, zilichukua nafasi ya zile za 1:62,500. Nchi nzima, ukiacha Alaska, ilimalizika kuchorwa kwa mizani hii mwaka 1992. Humu reli iliyong'olewa huwa inachorwa kwa mstari wa kukatika katika na maneno yanayosema ni tuta la reli ya zamani. Mnaona pia vialama vidogo vidogo vimejaa kama punje: mraba nusu mweusi nusu mweupe ni shimo linaloshuka wima, kile kinachofanana na herufi Y ni mdomo wa handaki linaloingia ubavuni mwa mlima, na alama ya kuzidisha ni mahali mtu alichimba kujaribu bahati. Ndugu zangu wachimbaji wa Geita na Chunya, nyinyi mnajua shimo lililoachwa ni kitu gani. Nevada ina makumi ya maelfu ya mashimo ya namna hiyo, na watu wameshatumbukia na kufa. Alama hizi ni uhai wa mtu.

Halafu sikilizeni hili, ndilo lililonifanya nirekodi video hii. Tangu mwaka 2009 USGS inatoa ramani mpya zinazotengenezwa kwa kompyuta kutoka kwenye hifadhidata. Ni nzuri, zina picha za angani. Lakini zilipoanza, mambo mengi yaliyokuwa kwenye shiti za zamani hayakuhamia: nyumba moja moja, mashimo, matuta. Hayakuwa kwenye hifadhidata, basi hayakuchorwa. Ikabidi wataalamu wao wenyewe warudi kwenye shiti za zamani, wanakili alama za migodi moja moja. Kama shiti zile zingekuwa zimechomwa moto, wangenakili kutoka wapi?

Hazikuchomwa. Zimeskaniwa, zaidi ya 178,000, kuanzia za mwaka 1884, na ni bure. Ukiwa Sumbawanga na simu yako unaingia topoView kwenye intaneti, unabonyeza mahali, zinakuja shiti zote za pale kwa mwaka, unapakua. Huombi kibali, hulipi hata senti.

Na kwetu zipo. Shiti za 1:50,000 zilizotengenezwa kwa picha za ndege na wapimaji wa Kiingereza wa Directorate of Overseas Surveys, nyingi miaka ya 1950 na 1960. Nyingine zimekunjwa kwenye makabati ya shule na ofisi za halmashauri, mchwa wanazila. Mwalimu wa jiografia, mzee wangu uliyestaafu upimaji, kama unayo yoyote tafadhali usiitupe. Ipige picha vizuri, pembe zote nne, mwaka wa toleo uonekane, kisha niandikie hapa chini ni shiti ya wapi. Nianze na za Mpanda na Nachingwea, kule ambako reli ya mradi wa kilimo cha karanga ilijengwa ikang'olewa. Nikipata hata mbili za miaka tofauti za sehemu moja, tutazisoma kama tulivyosoma hizi.