Ufa Kwenye Mpingo
(Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu, Mtwara)

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu mnaomaliza mwaka huu, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, pokeeni kinyago hiki mkipitishe mkono kwa mkono. Msikitazame tu, kipapaseni.

Mimi nilifeli kidato cha nne, nikarudi Newala na sanduku langu la bati. Baba alikuwa mchonga vinyago. Hakuniuliza matokeo, alikwishayasikia. Akanipa gogo la mpingo, tezo na patasi. Siku ya nne gogo likapasuka, ufa kutoka begani hadi kiunoni. Nikachanganya gundi na vumbi la mpingo ili nizibe. Baba akanishika mkono: "Unamficha nani? Kaa ulitazame kwanza." Nikakaa siku mbili nimevimba kwa hasira. Siku ya tatu nikaona kuwa ule ufa ni nafasi iliyopo kati ya mkono wa mama na mtoto aliyembeba. Mtoto sikuwa nimemkusudia kabisa.

Baadaye nikasikia habari za Samaki Likankoa, Mmakonde aliyechonga Dar es Salaam miaka ya hamsini. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichonga umbo la binadamu, mkono ukavunjika. Hakulitupa. Aliligeuza likawa kiumbe wa ajabu, asiyefanana na mtu, na mnunuzi akakipenda akataka vingine. Mtindo tunaouita shetani ulianzia hapo. Sasa jiulizeni, vinyago vingapi vimevunjika mkono vikaishia jikoni kuwa kuni? Kuvunjika hakukumpa Samaki kitu. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuwaza kiumbe ambaye hajawahi kuwepo. Ndiyo maana sipendi vijana wanapoambiwa kwamba kufeli ni mwalimu. Kufeli kunauma, basi. Anayefundisha ni yule aliye tayari kukaa na lile pande lililopasuka mpaka aone jambo jingine ndani yake.

Wapo wanaoshindwa bila kutazama. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, mashamba makubwa ya kulima karanga: Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Walipiga hesabu za mamilioni ya ekari kabla ya kuujua udongo wala mvua. Matrekta yakafia kwenye visiki. Kongwa, kiangazi, ardhi ikawa ngumu kama tofali. Wao wakazidi kumwaga fedha, na walipokuja kuacha mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimekwenda. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya sitini. Bandari yenye kina kirefu, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile, ipo palepale, na korosho zetu zinapakiwa hapo.

Ninyi mnakwenda darasani. Mtoto atakuletea hesabu aliyokosa, na kalamu nyekundu itakuwa mkononi mwako. Nakusihi, iweke mezani. Muulize aliwaza nini. Mimi nami nilipofundisha nilichelewa miaka mingi kulijifunza hili, na wapo watoto niliowapigia mkasi, alama ya kukosa, wakanyamaza moja kwa moja. Hilo bado linanisumbua.

Kinyago kimefika wapi? Wewe binti, pitisha kidole chini ya kwapa la mama. Umeugusa mkwaruzo? Patasi iliteleza hapo. Msasa upo nyumbani, sijaupiga mpaka leo.