Kocha wa chuo Marekani analipwaje? Leo nawajibu

Ndugu zangu, kila video mnaniuliza: "Kaka, ni kweli huko kocha wa chuo anamzidi profesa mshahara?" Niliwahi kujibu kwa kifupi, mmoja akasema najisifia hela za watu, mwingine akasema nalalamika. Basi leo nimesimama hapa Chicago, kwenye maktaba kubwa ya Chuo Kikuu cha Chicago. Zamani hapa palikuwa uwanja wa ule mpira wao wa kubeba mkononi, futiboli ya Kimarekani, ukaitwa kwa jina la kocha, Amos Alonzo Stagg.

Baba yake Stagg alikuwa fundi viatu, jimbo la New Jersey. Akiwa mwanafunzi chuo kikuu cha Yale alirusha mpira wa besiboli mpaka timu za kulipwa zikamtaka. Akakataa. Mwaka 1892, William Rainey Harper, aliyekuwa amemfundisha Yale, alikuwa rais wa chuo hiki kipya. Akamchukua kwa dola 2,500 kwa mwaka, na juu yake cheo cha mwalimu wa chuo na ajira ya kudumu.

Ajira ya kudumu, jamani! Enzi hizo timu nyingi zilifundishwa na mchezaji wa zamani aliyekuja msimu mmoja akaondoka. Mshahara mkubwa wa makocha mnaouona leo umeanzia kwenye nafasi kama ile.

Mimi nina diploma ya michezo niliyoipata kule nyumbani. Ili itambuliwe hapa, nimelipia tafsiri, nimelipia tathmini ya kuilinganisha na za huku, halafu ofisi moja ikaniambia bahasha ya vyeti ilifika imeshafunguliwa, kwa hiyo hawaipokei, nianze upya. Nikalipa tena. Na mkataba wangu wa kazi ni wa mwaka mmoja mmoja. Sitaki mnihurumie. Wapo wenzangu ambao karatasi zao zilipita bila shida, kwa hiyo usimkatishe tamaa mwanao kwa sababu yangu.

Na Stagg mwenyewe, baada ya misimu 41, chuo kilimstaafisha kwa sababu ya umri. Alikuwa na miaka 70. Hilo linaniuma kama vile ni babu yangu. Akahamia California, chuo cha College of the Pacific, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Kisha akaenda Pennsylvania kufundisha pamoja na mwanawe. Alifariki 1965, ana miaka 102.

Bahasha yangu ya pili nimeituma Jumatatu.