Stesheni ya Springburn na vichwa vya treni vilivyokuja kwetu

Asanteni jamani, kaeni, kaeni. Wengi wenu mnaoishi Glasgow mnapita Springburn na hamshuki, mnaniambia pale hakuna kitu. Hili nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena: kama babu yako alikuwa mtu wa kupanda gari moshi kwetu Afrika Mashariki miaka ya 1950, pale Springburn kuna kitu chako.

Stesheni yenyewe ni ya 1887. Ukishuka unatembea kidogo tu unafika Mtaa wa Flemington, kuna jengo kubwa la 1909, hilo ndo lilikuwa makao makuu ya North British Locomotive, kampuni ya kuunda vichwa vya treni. Hao ndo walituundia vichwa vya mvuke vya East African Railways, vya aina zilizoitwa daraja la 29 na la 30, vile vilivyopewa majina ya makabila ya kwetu. Nenda makumbusho ya reli Nairobi utamkuta namba 3020, jina lake Nyaturu. Wanyaturu wa Singida jamani! Mnajua walikuwa na karakana nyingine Polmadie, ng'ambo ya mto, sasa msije mkanibishia kipi kilitoka geti lipi, kampuni ni hiyo hiyo moja na watu wake ni wa mji huu huu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndo penyewe. Reli ya Scotland upana wake ni milimita 1435, ile ya kwetu ya zamani ni 1000. Yaani fundi anaunda kichwa cha treni, reli inapita pale pale jirani na karakana, na kichwa chenyewe hakiwezi kuikanyaga! Kwa hiyo vichwa vya kwenda nchi kama zetu vilipakiwa kwenye trela vikavutwa barabarani polepole, vinakata mitaa hadi bandarini mto Clyde, na watu wanatoka majumbani wanasimama pembeni kuangalia, watoto kwa wazee, maana ile ni kazi ya mikono yao inaondoka na hawataiona tena. Pale Finnieston kuna kreni ya kunyanyua tani 175, mpaka leo imesimama, ndo iliyokuwa inaviteremsha vichwa melini. Mimi kila nikipita pale lazima nisimame. Nawaza kile chuma kinaning'inia juu ya maji ya baridi, halafu baada ya muda kinachemka kwenye jua la kwetu kinavuta mabehewa.

Najua kuna mtu ataniambia mwalimu unasifia ukoloni. Hapana, hapana kabisa. Reli ile ilijengwa kwa faida ya nani tunajua wote, hilo sianzi kulifundisha hapa. Ninachosema ni kwamba kazi ya mafundi wa hapa na jasho la makuli na madereva wa kwetu ni habari moja, nanyi mnaikata katikati, nusu mnaiacha Springburn bila mwenyewe.

Na kwao pia imekatwa. North British walichelewa kuhama kutoka mvuke, dizeli zao zikawasumbua, 1962 wakafunga. Karakana nyingine za treni za hapo hapo, Cowlairs ikafungwa 1968, St Rollox 2019. Mtaa ulioishi kwa treni umebakiwa na stesheni! Ndo maana nakasirika mtu akiiita kituo kidogo.

Muda umekwisha naona, basi haraka haraka. Treni za umeme zilifika Springburn 1960, nyaya zikaendelea mpaka Cumbernauld 2014, upande wa mjini unashukia Queen Street chini ya ardhi. ScotRail, kampuni ya treni za Scotland, ni ya serikali tangu Aprili 2022, na ile nauli ya juu ya saa za msongamano wameifuta Septemba 2025, kwa hiyo hata asubuhi huna kisingizio. Mimi nataka tuombe ukutani pale stesheni yaandikwe yale majina, Nyaturu na wenzake, na karatasi ya kusaini ninayo hapa mbele.