Kila Mnyama na Ubongo Wake

ZUHURA: Haya, tumerudi. Elia, wiki hii nashona shanga kwenye maskisina, vile viatu vya ngozi laini vya Wakree, wenyeji wa asili wa Kanada, na uso wa kiatu cha kushoto umenishinda. Maua matano, majani manane, nikauweka mezani ukajikunja kama jani kavu la mgomba.

ELIA: Ulivuta uzi.

ZUHURA: Nilivuta.

ELIA: Pole, dada. Kwenye sindano mbili, uzi wa kwanza unabeba shanga, wa pili unaubana ule wa kwanza kila baada ya shanga mbili au tatu. Ukikaza ule wa kwanza, ngozi inafuata. Shanga ziguse, zisisukumane. Mstari ukiinuka kama daraja, toa moja.

ZUHURA: Wala sikuweka kitambaa nyuma. Na ngozi yenyewe ya musi, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, iliyolainishwa kwa ubongo wa mnyama, laini kupindukia.

ELIA: Ahaa! Watu wa ngozi husema kila mnyama ana ubongo wa kutosha ngozi yake.

ZUHURA: Wako ungetosha kiatu kimoja.

ELIA: Nashukuru. Ubongo unachemshwa, unapondwa na maji ya uvuguvugu, unasuguliwa kwenye ngozi iliyokwisha kuparwa nyama na manyoya. Mafuta yake yanaingia katikati ya nyuzi. Halafu unakamua, unavuta, unavuta…

ZUHURA: Mpaka ikauke mikononi. Ukipumzika ingali mbichi, inakuwa ubao.

ELIA: Ndipo moshi. Unaishona mfuko, unaitundika juu ya moshi wa mti wa sprusi uliooza. Ufuke tu, moto usiwake, maana ukiwaka umeunguza kazi ya siku kadhaa. Ngozi isiyofukizwa ikilowa inakauka ngumu. Iliyofukizwa unaisugua kidogo tu, inarudi. Kwa hiyo bila moshi, kwangu hiyo si maskisina.

ZUHURA: Hapo hapana. Mafundi wengi wa Kikree wanashonea ngozi ya kiwandani, nayo inavumilia maji. Bibi anayeshonea hiyo ameacha kuwa Mkree?

ELIA: Sikumsema bibi, nimesema kiatu. Ile harufu inatangulia chumbani kabla ya mvaaji.

ZUHURA: Na shanga? Zilitoka Venice na Bohemia, huko Ulaya, kwa meli za wafanyabiashara. Bohemia hiyohiyo iliwauzia Wamasai. Mbona hizo huzikatai?

ELIA: Zilichukua nafasi ya miiba ya nungunungu, lakini juu ya ngozi ya moshi.

ZUHURA: Kwa hiyo kioo cha Ulaya kinaingia, ngozi ya kiwandani inabaki mlangoni?

ELIA: Ndiyo.

ZUHURA: Sikubali.

ELIA: Usikubali. Ila moshi nauacha palepale.

ZUHURA: Zimebaki dakika mbili! Tulipanga marinda ya kidoleni, ile mikunjo ya ngozi mbele ya kiatu, namba za shanga…

ELIA: Namba kubwa, shanga ndogo. Kumi na moja ni ndogo kuliko nane.

ZUHURA: …na zile nyuso za viatu, zaidi ya 1,700, alizoanza kuziomba msanii Christi Belcourt mwaka 2012 kwa Walking With Our Sisters, maonyesho ya kuwakumbuka wanawake wa asili wa Kanada na Marekani. Hazikushonewa soli makusudi, kwa sababu wanawake wanaokumbukwa waliuawa au walipotea, maisha yakakatizwa. Hilo lilihitaji nusu saa.

ELIA: Marinda je?

ZUHURA: Hatufiki. Kata ngozi inyumbuke kwa upana wa mguu, si kwa urefu, la sivyo kiatu kitarefuka. Mengine wiki ijayo.

ELIA: Ulisema ubongo wangu unatosha kiatu kimoja?

ZUHURA: Cha mtoto.