Weka na ethanoli kwenye data za gari lako

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongelea kidude kidogo cha waya tatu, sensa inayosoma ethanoli, yaani ile pombe kali, iliyomo kwenye petroli, na kwa nini nataka mkirekodi pamoja na zile data za OBD, yaani za kompyuta ya gari, ambazo tayari mnazivuta kwenye simu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, ethanoli ya nini hapa Bagamoyo? Wakubwa mnawakumbuka Waswidi wa SEKAB, miaka ile ya 2000, walitaka kulima miwa huku watoe ethanoli, ikaishia hewani, leo miwa yetu inatoa sukari. Ila wenzetu Malawi wanachanganya tangu 1982, Brazil petroli ya kawaida tu ya sheli ina asilimia 30 tangu 2025, na hawa vijana wanaotyuni magari wanaipenda sababu injini haigongi upesi. Itakukuta tu fundi.

Sasa kasheshe iko hapa. Petroli tupu kilo moja inataka hewa kilo 14.7, ethanoli tupu inataka 9 tu. Weka mafuta yenye ethanoli asilimia 10, oksijeni sensa ya kwenye eksozi inaona hewa imezidi, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inaongeza mafuta kama asilimia 4, na wewe kwenye skrini unaona trimu, yaani hicho kiasi cha mafuta kilichoongezwa, imepanda. Fundi akiona hivyo anafanyaje? Anabadilisha filta, anashusha pampu, anaanza kutafuta manifodi inavuja wapi, mteja analipa na trimu iko palepale! Gari haliumwi, limebadilishiwa chakula. Ungekuwa na namba ya ethanoli pembeni ungeona zote mbili zimepanda pamoja baada ya kujaza mafuta, basi, pampu ya watu unaiacha.

Sensa inakaa kwenye mpira wa mafuta, petroli inapita katikati yake, yenyewe inapima mafuta yanavyoshika chaji ya umeme: petroli ni kama 2, ethanoli kama 24, tofauti kubwa mno. Hizi za kampuni ya GM zinatoa mapigo ya umeme, 50 kwa sekunde ni sifuri, 150 ni ethanoli tupu, kwa hiyo unatoa 50 unabaki na asilimia, hesabu ya darasa la pili hiyo. Tena upana wa pigo unakupa joto la mafuta, milisekunde 1 ni nyuzi 40 chini ya sifuri, milisekunde 5 ni nyuzi 125, bure kabisa. Waya ni volti 12, athi na signali. Signali peke yake haipandi, lazima uivute na rezista kwenda volti 5, na hapa ndo wengi wanatupa sensa nzima wakisema mbovu kumbe rezista haipo. Mnaorekodi kwa ESP32, kile kibodi kidogo cha kompyuta kisichotaka zaidi ya volti 3.3, nyie vuteni kwenda 3.3, msije mkaunguza bodi za watu.

OBD yenyewe ina nafasi ya ethanoli, namba 52, ila gari ambalo halikuja na sensa mara nyingi halijibu kitu. Kusoma mara moja kwa sekunde kunatosha, mafuta hayabadiliki kama mapigo ya moyo wa mchumba, muhimu saa ya bodi yako na saa ya OBD ziwe moja. Na mafuta yaliyopita kwenye sensa bado hayajafika kwenye nozeli, gari likiwa sailensa, injini inawaka bila kukanyaga mafuta, yanachelewa zaidi, kwa hiyo trimu ikifuata nyuma usishangae.

Kaka pale anauliza itanasa mafuta yaliyochakachuliwa na mafuta ya taa? Hapana bwana. Kwa sensa hii taa na petroli ni karibu kitu kimoja, zote kama 2, hiyo waachie wenye vinasaba, ile alama ya siri inayowekwa kwenye mafuta. Maji sasa ndo itayaona, maji ni kama 80, ukiona mapigo yamefika 170 na kwenda juu usihesabu asilimia tena, zima gari, kinga mafuta kwenye chupa inayoonyesha ndani, uache yatulie uangalie chini, maji ndo yanakaa huko.